Uwiano mzuri, ratiba haifungi

Kupanga ratiba ya shule nimeachiwa mimi kwa sababu ile ile inayofanya watu waachiwe kazi zisizo na posho: niliwahi kuifanya ikatoka vizuri. Kwa hiyo mtu akiniambia shule fulani ya sekondari "ina walimu wa kutosha", namsikiliza kwa heshima zote, kisha namwomba tukae tuhesabu vipindi.

Chukua shule ya umma yenye mikondo 16, wanafunzi 40 kila mkondo, vipindi 40 kwa wiki. Hivyo ni vipindi 640 vinavyodai mtu wa kusimama mbele ya darasa. Mwalimu akibeba vipindi 26, walimu 25 wanatosha. Gawanya wanafunzi 640 kwa walimu 25, unapata uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 26 hivi. Kwenye fomu ya ikama, ile inayoonyesha idadi ya watumishi wa shule, inapendeza mno. Anayeisoma anagonga muhuri na kuvuta faili la shule nyingine.

Mzazi akisikia 26 anauliza, mbona mwanangu anakaa na wenzake 39? Swali la haki kabisa. Ni kwa sababu mwalimu hayupo darasani vipindi vyote 40, wala hapaswi kuwepo. Mwenye somo la vipindi vinne kwa mkondo, akifundisha mikondo sita na nusu, ana madaftari 260 ya kusahihisha. Mpe dakika tatu kwa kila daftari: hizo ni saa 13, na bado hajaandaa somo la kesho. Wanaoviita vipindi visivyo na darasa "mapumziko" hawajawahi kubeba madaftari hayo.

Lakini kinachonikera zaidi ni kwamba shuleni hakuna mwalimu wa uwiano. Kuna mwalimu wa Fizikia, kuna mwalimu wa Historia. Kwenye shule yetu ya mfano Fizikia ina vipindi 64 kwa wiki. Walimu wawili wanabeba 32 kila mmoja, wanalalamika, wanaenda. Mmoja akihama, au akienda likizo ya uzazi, aliyebaki anadaiwa vipindi 64 katika wiki yenye vipindi 40. Hapo hata ungekuwa mchawi wa ratiba haifungi. Upande wa pili walimu sita wa Historia wanagawana vipindi 48, vinane vinane. Fomu inawajumlisha wote, wastani hautikisiki. Suluhisho la haraka ni lile tunalolijua: mwenzetu wa Historia anapelekwa "kushikilia" Fizikia, naye usiku anasoma kitabu ili awatangulie wanafunzi wake kwa kurasa mbili. Namwonea huruma yeye kabla ya wao.

Na hapo tumewataja walimu tu. Mimi nafundisha Kemia, kwa hiyo niruhusiwe kusema habari za fundi wa maabara, mtu ambaye hakuna anayemkumbuka mpaka aondoke. Wetu alistaafu, nafasi yake haijajazwa.

Mazoezi ya kupima asidi kwa alkali, kwa darasa la watu 40, yanataka kama lita tano za kila myeyusho. Sodiamu hidroksaidi, ndiyo alkali yenyewe, kwa ukolezi wa 0.1 M ni gramu nne kwa lita, yaani gramu 20. Punje zake zinanyonya unyevu wa hewa. Ukizubaa kwenye mizani zinaanza kung'aa na kushikana, na kipimo chako si kile tena. Baada ya hapo bureti zisuuzwe, zikaguliwe zisivuje, pipeti zihesabiwe, meza zipangwe. Darasa likitoka, vyote vinaoshwa. Kipindi cha dakika 80 kinazaa kazi ya saa tatu nje ya kipindi, na saa hizo haziingii kwenye ratiba yoyote. Fundi alipokuwepo, nilikuta kila kitu mezani, nami nikapata nafasi ya kuinama kwa mwanafunzi mmoja mmoja nione anavyosoma alama ya bureti. Sasa nafanya jaribio moja mbele, wao wanatazama. Wanaandika matokeo yangu. Kwa fomu ya ikama, hakuna kilichopungua.

Karani ni hivyo hivyo. Asipokuwepo, mtihani unachapwa na mwalimu, barua za wazazi mwalimu, takwimu za mahudhurio mwalimu. Maktaba bila mkutubi inakuwa stoo yenye kufuli.

Halafu kuna mshauri nasaha. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, maana yake shule yetu ya mfano ingetaka wawili na zaidi. Shule nyingi hazina hata mmoja. Jukumu anabandikwa mwalimu, na mara nyingine ni yule yule wa nidhamu. Hebu fikiria binti mwenye jambo zito la nyumbani anayetakiwa kumweleza mtu aliyemwadhibu Jumatatu kwa kuchelewa. Hatasema. Mimi pia nisingesema.

Najua jibu: fedha hazipo, na walimu wenyewe hawatoshi. Ni kweli. UNESCO inakadiria kuwa dunia itahitaji walimu wengine milioni 44 ifikapo 2030, na hao ni wa msingi na sekondari peke yao; fundi wa maabara na karani hawamo. Lakini kuhesabu vizuri hakuna gharama. Badala ya wastani mmoja wa shule nzima, nimeandaa jedwali la kila somo: vipindi vinavyotakiwa, walimu waliopo, pengo. Chini yake nimeorodhesha kazi zinazofanywa na walimu kwa niaba ya watu wasiokuwepo, pamoja na saa zake kwa wiki.

Mkuu wa shule amelisoma, akasema ni zuri, ila fomu haina sehemu ya kuliandika. Nikamwambia tulibane nyuma kwa pini. Limeenda hivyo.