Siku moja maishani mwangu: zamu nyumbani kwa Kipling

Saa mbili na nusu asubuhi nimeshafika Bateman's, nyumba ya zamani ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, sasa ni makumbusho, nje kidogo ya kijiji cha Burwash, kusini mwa Uingereza. Juu ya mlango pamechongwa mwaka 1634. Naanza na mapazia, ila siyafungui yote, maana jua hupausha majalada ya vitabu.

Saa nne niko bustanini naopoa majani bwawani. Rudyard Kipling alilitengeneza kwa fedha za Tuzo ya Nobel ya mwaka 1907, maji yake ya kina kifupi, watoto wapate kucheza. Katika kitabu chake cha wageni, baadhi ya majina yana herufi FIP pembeni, kifupi cha Kiingereza "fell in pond", yaani huyu alitumbukia bwawani. Mimi bado sijaandikwa.

Kuanzia saa tano nasimama chumba alichoandikia. Kuna meza ndefu, kapu kubwa la karatasi zilizotupwa, na kiti kilichoinuliwa kwa vipande vya mbao, kwani mwenyewe alikuwa mfupi. Wageni wanamtaka Mowgli, yule mtoto wa hadithi zake aliyelelewa na mbwa mwitu. Namwaga maelezo yale yale: hadithi zile zilitoka kitabuni 1894, na nyumba hii aliinunua 1902. Wapo wanaonitazama mimi, kisha meza, kisha mimi tena. Swali lao nalijua: Mwafrika anafanya nini kwa mtunzi wa shairi la "mzigo wa mzungu", lile linalosifu ukoloni? Nililisoma kabla ya kuomba kazi. Liliniudhi, linaniudhi hadi leo, na vumbi la meza nafuta vilevile.

Saa nane, chakula cha haraka.

Saa tisa alasiri baba mmoja ameingia na mwanawe mwenye miwani minene. Nikawaeleza habari za John, mtoto wa kiume wa pekee wa Kipling. Jeshi lilimkataa kwa ubovu wa macho. Kipling akamwendea rafiki yake jenerali, John akapata nafasi. Aliuawa vitani Loos, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza, Septemba 1915, akiwa na miaka 18, na wazazi wake walikufa bila kujua alipozikwa.

"Kwa hiyo baba yake ndiye aliyempeleka?" yule mtoto mwenye miwani akauliza.

Nikasema ndiyo. Baba akamshika bega, wakatoka kimya.

Saa kumi na moja nafunga mapazia. Kule bwawani kuna kelele: mtoto kazamisha mguu mmoja, na mama yake anataka kujua kama huo nao unahesabika.