Sifuri tatu alfajiri

Wiki hii yote nimeshinda na Subaru Forester moja ya turbo, mali ya kijana wa Bamburi. Imetoka Japani, na kompyuta yake ilipangiwa petroli kali ya kule, inayofika oktani 100 (kipimo cha petroli kutolipuka ovyo). Super yetu haifiki hapo, kwa hiyo naipanga upya hiyo kompyuta. Ongeza joto la kaskazi, na ukiikanyaga unasikia kokoto zikitikiswa ndani ya debe. Huko ndiko kugonga: mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia.

"Ami, si ubonyeze tu laptopu nikaondoka nalo leo?"

Nilimkatalia. Kuna mwaka nilipandisha presha ya turbo, yaani hewa inayosukumwa ndani ya injini, nikasogeza mbele taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, nikapunguza na mafuta, yote jioni moja, kwa sababu mwenye gari alikuwa na safari. Lilifika Voi, pistoni ikapasuka. Niligharamia injini nzima, na hadi leo sijui ni lipi kati ya yale matatu lililoiua. Huko kutojua kuliniuma kuliko pesa.

Basi siku ya kwanza sikubadilisha kitu, nilisoma namba tu. Gari likinguruma pale pale liliposimama, kompyuta ilikuwa ikiongeza mafuta asilimia 11. Likitembea, asilimia 3. Hapo ujue kuna hewa inayoingia bila kupita kwenye sensa inayoipima. Tukaitafuta hadi tukaipata: kipaipu cha mpira nyuma ya manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini, kimekauka, kina ufa mdogo kama ukucha ambao huuoni mpaka ukikunje kwa kidole. Tulipoweka kipya, 11 ikawa 2. Ningeanza na mafuta, ningekuwa naifundisha kompyuta uongo.

Siku ya pili nikapanga mafuta peke yake. Siku ya tatu taimingi: digrii mbili nyuma, pale tu palipogonga, kati ya rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) 3200 na 4000. Kila badiliko lina faili lake na tarehe yake. Na siandiki chochote kwenye kompyuta ya gari kabla ya kufunga chaja ya betri, maana umeme ukiyumba katikati ya kuandika, kompyuta yaweza kufa.

Tunajaribu kwenye barabara ya Dongo Kundu baada ya swala ya alfajiri, malori yakiwa machache. Gia ya tatu, rpm 2500 hadi 4500, mara tatu. Mwanafunzi wangu anashika laptopu, hakuna anayesema neno. Kabla ya kugusa taimingi tulisoma -2.8, yaani digrii ambazo kompyuta yenyewe inarudisha taimingi nyuma ikisikia kugonga; sifuri ni kimya. Baada yake, -1.4 mara moja na sifuri mara mbili. Nikarudisha digrii moja zaidi: sifuri, sifuri, sifuri.

Lakini hewa ya alfajiri ilikuwa nyuzi 29. Saa nane mchana, tukitoka kwenye foleni ya Daraja la Nyali, sensa ya joto la hewa ilisoma 51, na ile -1.4 ikarudi. Nimeshusha presha ya turbo kidogo, hiyo tu.

Kijana amepiga simu leo kuuliza kama tayari. Nimemwambia Alhamisi. Kesho naweka petroli ya kituo kingine, tutoke tena saa nane.