Kanzu iliyoanza kufagia chini

Kanzu yangu ya Idi niliishonesha nikiwa na miaka 58, pindo likibakiza kidogo tu kugusa chini. Miaka minne baadaye kanzu ileile ilikuwa inafagia chini. Mke wangu alidhani kitambaa kimelegea kwa kufuliwa. Kumbe aliyepungua ni mimi.

Mimi ni fundi wa nakshi za milango hapa Lamu, na nina pumu tangu ujanani. Kwa miaka mingi, kifua kikibana, nilinunua vidonge vya prednisoloni dukani nikameza wiki nenda wiki rudi, bila kumrudia daktari. Vilinipa pumzi, siwezi kuvikana. Lakini dawa hizi za steroidi zikimezwa mfululizo miezi mitatu na zaidi hudhoofisha mifupa, na hilo hakuna aliyeniambia.

Siku moja niliinama kunyanyua kizingiti cha mlango, nikasikia mgongoni kama kijiti kikavu kinavunjika. Mahali pa kwanza nilipokwenda nilipewa dawa ya maumivu, nikaambiwa ni kazi na uzee. Aliyenitazama kweli ni daktari wa pili, binti wa umri wa mwanangu. Alinipiga picha, akanigeuzia: "Baba, hebu itazame pingili hii." Zenziwe zilikuwa mraba. Hiyo moja ilikuwa nene nyuma, mbele imebonyea, nyembamba. Nikamwambia hiyo ni kabari. Nimechonga kabari maisha yangu yote, naijua. Urefu wangu ulipotelea hapo.

Aliponitajia osteoporosisi, yaani mifupa kudhoofika hadi kuvunjika kirahisi, nilibisha: si ugonjwa wa akina bibi huo? Akasema wanawake ndio wengi, ila kati ya wanaume watano waliovuka miaka 50, mmoja hivi huja kuvunjika mfupa kwa udhaifu huu, na mwanamume akivunjika nyonga yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko mwanamke. Tena kwa wanaume mara nyingi pana sababu nyuma yake: steroidi, pombe, sigara, testosteroni kupungua, hata matibabu ya saratani ya tezi dume yanayozima homoni hiyo. Kwa hiyo alinitoa damu kwanza. Kipimo cha mifupa nilikifuata Nairobi. Unalala juu ya meza, mkono wa mashine unakupitia juu, basi. Jibu ni namba inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya: kuanzia hasi 2.5 kwenda chini ndio ugonjwa. Mgongo wangu ulisoma hasi 3.1.

Dawa yangu ni alendroneti, miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Kazi yake ni kuzituliza seli zinazobomoa mfupa. Masharti yake ndiyo magumu: tumbo tupu, bilauri nzima ya maji matupu, kisha nusu saa usile wala usijilaze, maana kikinata kooni kinachoma. Hata ukifuata yote, kinachoingia mwilini hakifiki asilimia 1, na kahawa inakipunguza zaidi. Basi kila Ijumaa, nikishasali alfajiri, nakimeza na kutembea usita wa pwani, nawapita wenzangu barazani na vikombe vyao vya kahawa chungu. Ramadhani naamka mapema, nakimeza nusu saa kabla ya daku. Asiyekiweza kidonge yuko wa kutundikiwa dripu ya asidi ya zoledroniki mara moja kwa mwaka.

Prednisoloni sikuiacha kwa ghafla, na wewe usithubutu. Mwili ukishaizoea, kuikata siku moja ni hatari. Daktari aliipunguza kidogo kidogo huku akinipa dawa ya kuvuta. Nakula dagaa na mifupa yake, nakunywa maziwa, vitamini D nameza. Baada ya miaka miwili kipimo kimepanda hadi hasi 2.7. Pingili iliyobonyea haikurudi. Nasali juu ya kiti, na kuweka paji la uso chini kwenye mkeka ndicho kitu ninachokikosa kuliko vyote.

Mdogo wangu ana pumu kama mimi, na vidonge vilevile mfukoni. Ijumaa iliyopita nilimsimamisha kwenye mwimo wa mlango wa karakana, nikachora mstari wa penseli juu ya kichwa chake, nikaandika tarehe. Jumatatu tunakwenda kwa daktari pamoja.