Kano imechanika na bega limeganda: kipi kitibiwe mwanzo?

Kano iliyochanika na bega lililoganda ni maradhi mawili mbalimbali, na tabu huanza yanapokutana kwenye bega moja. Kano ikishonwa inataka kutulizwa wiki sita. Mfuko wa kiungo, ambao ndio unaosinyaa bega linapoganda, ukikatwa ili ufunguke, unataka kusogezwa kuanzia kesho yake. Kwa hiyo kila uamuzi, tangu kupanga siku ya upasuaji hadi kuandika mazoezi, ni kutafuta pa kupita baina ya amri hizo mbili.

Kichwa cha mfupa wa mkono kimeshikwa na kano za misuli minne inayotoka kwenye bapa la bega. Ya juu, supraspinatasi, ndiyo inayochanika zaidi, ama kwa kuchakaa na umri, ama kwa ghafla: mchumaji wa karafuu Pemba anayebaki ananing'inia kwa mkono mmoja tawi linapovunjika. Chini ya kano hizo upo mfuko wa kiungo. Upande wake wa chini una mkunjo wa ziada unaofanya kazi ya kikwapa cha kanzu. Bila ya huo mkono haupandi. Bega linapoganda, mfuko unavimba, unanenepa, kisha unasinyaa na mkunjo ule unapotea. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wote. Mtu akija na bega lililoganda na hajawahi kupima sukari, apimwe siku hiyo hiyo.

Kipimo cha mwanzo hakihitaji mashine. Mkalishe mgonjwa, kiwiko kikae ubavuni na kikunjwe digrii 90, halafu wewe, si yeye, uzungushe kigasha chake kwenda nje. Linganisha na mkono wa pili. Mkono wake ukienda laini lakini yeye mwenyewe hawezi kuushikilia pale, shuku kano. Ukigota mapema hata unapouzungusha wewe, ni mfuko. Tatizo ni kuwa bega lililoganda huuma, na mtu anayeumwa huonekana dhaifu hata kano zake zikiwa nzima. Hapo sindano ya ganzi, lignokaini ya asilimia 1, mililita 10, chini ya paa la bega (mfupa unaofunika kiungo kwa juu), husaidia kutenganisha: baada ya dakika chache maumivu yakipungua na nguvu ikarudi, udhaifu ulikuwa wa maumivu, nguvu isiporudi, huenda kano imechanika, na mzunguko ukibaki umegota vile vile, mfuko umesinyaa kweli.

Eksirei ipigwe kwa pande mbili, sio moja. Bega lililoteguka kwenda nyuma, hasa baada ya kifafa au kupigwa na umeme, nalo hukataa kuzunguka nje, na kwenye picha ya mbele peke yake linaweza kuonekana zima. Altrasaundi ni nzuri kwa kano, ila ina mtego kwa wagonjwa hawa: mpimaji humtaka mgonjwa apeleke mkono nyuma ili supraspinatasi itokeze chini ya paa la bega. Mwenye bega lililoganda hawezi, kano inabaki imejificha, na mchaniko mdogo unapita bila kuonekana. Jibu la "hakuna mchaniko" kwa bega gumu lisichukuliwe kuwa la mwisho. MRI, yaani picha ya sumaku, huonyesha zaidi, pamoja na jambo ambalo daktari wa upasuaji hulitaka kuliko ukubwa wa tundu: msuli umegeuka mafuta kiasi gani. Msuli ambao mafuta yamelingana na nyama au kuizidi haurudi kuwa msuli hata kano ikishonwa vizuri.

Sasa kipi kianze. Mchaniko wa ghafla kwa mtu aliyekuwa na nguvu zake usingojee bega lilainike; ukipita miezi mitatu au minne kano hujivuta ndani, na kuirudisha mahali pake huwa kazi. Huyo afunguliwe mfuko na kushonwa kano kwa mara moja. Mchaniko wa kuchakaa, mdogo, kwenye bega lililo bado katika kipindi cha maumivu makali ya usiku, ni kesi nyengine kabisa. Hapo kisu kina pupa. Mfuko ulio mwekundu na unaowaka ukikatwa hujifunga tena. Apewe miezi mitatu hadi sita: sukari ishushwe, achomwe sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo (triamsinoloni miligramu 40 ni dozi ya kawaida), afanye mazoezi mepesi. Wengi mzunguko hurudi, na baadhi yao hugundua mchaniko wenyewe hauwasumbui. Mwenye kisukari aambiwe kabla kwamba sindano hiyo itapandisha sukari kwa siku kadhaa. Na ikiwa upasuaji unakuja, sindano isiwe karibu nao. Miezi mitatu ni tahadhari nzuri, kwani ikikaribia sana huongeza hatari ya usaha.

Kuchua kwa nguvu katika kipindi hicho cha moto kunachochea uvimbe. Mafuta ya moto na mkono mwepesi hayana neno. Kuvutwa mkono mpaka mtu apige kelele, hapana.

Anayebaki, yaani mwenye kano iliyotoboka moja kwa moja na bega lililobaki gumu baada ya miezi hiyo, zamani alifunguliwa bega kwanza akashonwa baadaye. Tafiti za upasuaji wa mara moja zimeonyesha kuwa baada ya mwaka wagonjwa hawa hukaribiana na wale ambao hawakuwa na ugumu, na baadhi ya tafiti zimekuta kano zao huchanika tena kwa uchache. Mimi naelemea huko, na kwa mtu wa visiwani sababu inazidi. Upasuaji wa bega kwa kamera unataka vifaa na mikono maalumu, na mgonjwa anaweza kuanzia hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, Pemba, akapita Mnazi Mmoja, Unguja, na kuishia MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Kuvuka bahari mara mbili kwa bega moja si jambo dogo.

Siku yenyewe, ganzi ya shingoni huongezwa juu ya nusu kaputi. Ganzi hiyo hulegeza pia upande mmoja wa kiwambo cha kupumulia, hivyo mwenye mapafu mabovu atajwe mapema. Huisha baada ya saa 12 hadi 18, mara nyingi usiku wa manane. Vidonge vya maumivu vianze kabla haijaisha.

Mgonjwa akishalala, bega hupimwa tena, maana ugumu wa woga huondoka na unabaki ugumu wa mfuko. Anayetaka kulinyoosha kwa mikono alishike karibu na kwapa, asivute kutoka kiwikoni au kwenye kiganja. Mkono mrefu wa wenzo ndio unaovunja mfupa wa bibi mwenye mifupa myepesi. Na linyooshwe kabla ya kushona, kamwe si baada.

Kamera huingia kwa nyuma. Kiungo kilichosinyaa hakina nafasi, na chuma kikilazimishwa hukwaruza gegedu. Kukata kunaanzia mbele, kwenye pembe iliyo baina ya kano ya baisepu na kano ya mbele, ambako pana utando mwekundu na kamba nene inayozuia mzunguko wa nje. Kisha mfuko wa mbele, kushuka chini. Chini kabisa ya kikombe ambamo kichwa cha mfupa hukaa, mshipa wa fahamu wa kwapa unapita karibu sana, kiasi cha sentimita moja au zaidi kidogo, kwa hiyo hapo hukatwa kwa mkasi wa meno ukigusana na ukingo wa kikombe, na kifaa cha kuchoma huwekwa pembeni. Mshipa huo ukiumia, msuli wa deltoidi, ule unaofunika bega kwa nje, hulala na mkono haupandi.

Baada ya hapo kamera huhamia juu ya kano. Mfupa husuguliwa mpaka utoe damu, nanga zenye nyuzi (vishikizo vidogo vya mfupani) hukazwa, nyuzi hupitishwa kwenye nyama nzima ya kano, si kwenye ncha iliyooza. Kipimo cha mshono ni hiki: kano ifike mfupani mkono ukiwa umeshuka ubavuni. Ikifika kwa kuunyanyua mkono tu, itachanika siku mkono utakaposhushwa. Isiyofika kabisa isilazimishwe; kufungua mfuko na kusafisha peke yake kunapunguza maumivu ya kutosha kwa mzee asiyebeba mizigo.

Mazoezi huanza siku ya kwanza au ya pili, lakini ya kusogezwa, si ya kunyanyua: kuinama na kuuacha mkono uning'inie na kuyumba, kulala chali na kuusukuma kwa bakora inayoshikwa na mkono mzima, kuteleza kiganja juu ya meza. Mara kumi kila zoezi, awamu tatu au nne kwa siku. Kombeo la kutundikia mkono lisivuliwe kwa wiki sita ila kwa mazoezi na kuoga. Wakati wa kuoga ainame ili kwapa lifunguke, lioshwe na kukaushwa. Kwa joto la kaskazi kwapa lililofungwa hutoa ukungu ndani ya wiki. Mkono wa nyuma ya mgongo ndio wa mwisho kurudishwa, kwa sababu unavuta ule ule mshono. Kwa hiyo kanga na vifungo vya gauni viwe vya mbele. Sala ni kwa kiti, na uzito wa sijda usiwekwe kwenye mkono huo kabla ya wiki 12. Wiki ya sita hadi ya 12 mgonjwa hunyanyua mwenyewe kwa kusaidiwa. Nguvu huanza kujengwa baada ya hapo. Kukuna nazi nyingi, kutwanga na kubeba ndoo, miezi minne hadi sita. Mkarafuu, si kabla ya miezi sita, na kwa mchaniko uliozidi sentimita tatu ni bora akaokote na kuchambua chini.

Pale mambo yanapoharibika hasa ni baada ya boti. Mgonjwa anarudi kijijini mkono umefungwa, miadi ya mazoezi iko mjini, na wiki sita zinapita bila bega kusogezwa. Asiruhusiwe kuvuka kabla mtu mmoja wa nyumbani hajafundishwa kuuzungusha ule mkono mbele ya mtaalamu, akajua na digrii za kuishia. Nyuzi za ngozi hutolewa siku ya 10 hadi ya 14, kazi inayofanyika Chake Chake au Wete bila shida. Kidonda kinachotoa maji baada ya wiki mbili kisipewe antibayotiki za kubahatisha. Vijidudu vya bega huota polepole, na maabara iombwe iwangojee siku 14. Ugumu ukirudi, hupewa miezi sita ya mazoezi na sindano kabla mtu hajataja kamera tena.