Kiingereza chembamba cha wahandisi

Jumapili usiku. Ripoti ya maabara ya zege nimeshaituma, kwa hiyo leo naandika kitu ambacho hakuna mtu atakisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Wengi wetu darasani tumetoka shule za serikali. Miaka saba ya msingi tulisoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili, kisha Fomu Wani kila kitu kikageuka Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Unafika chuo ukidhani umeshavuka. Halafu unakaa jirani na wenzako waliosoma inglishi midiamu, wanamuuliza mhadhiri swali bila kulipanga kwanza kichwani, nawe unaanza kuamini kwamba wao ndio wahandisi, wewe umewasindikiza tu.

Siamini tena hivyo. Kiingereza cha uhandisi ni chembamba. Hakidai utani, wala ufasaha wa mahakamani, wala lafudhi ya mtangazaji wa redio. Kina vitenzi vyake vichache na aina chache za sentensi zinazorudi kila ukurasa, na mtu anakipata kama anavyojifunza kusuka nondo: kwa kushika, kufungua na kufunga upya. Hata yale maneno ya kutisha si tatizo kubwa, maana kila moja huja na maana yake, alama yake na yuniti yake. Modulasi ya Young ya chuma, yaani kipimo cha ukaidi wake kuvutika, itabaki karibu gigapaskali 200 hata ukiitamka vibaya.

Kinachotesa ni vitu vidogo ambavyo hatukuambiwa hata kwenye somo la stadi za mawasiliano, ambako tulitumia muda mwingi mno kwenye namna ya kuandika barua ya kuomba kazi.

Kimoja ni misururu ya nomino. Sisi tunaanza na kitu chenyewe ndipo tunakifafanua: mwongozo wa usanifu wa boriti za zege lenye nondo. Kiingereza kinaupanga msururu huohuo kinyumenyume, nondo na zege mbele, mwongozo mwisho kabisa, bila hata kiunganishi kimoja cha kukushika mkono. Tangu nilipoanza kusoma misururu hiyo kutokea nyuma kwenda mbele, kurasa zilizokuwa zinanilaza usingizi zimefunguka. Mtu anayepiga msuli na bado haelewi ajaribu hilo kabla ya kujilaumu kwamba hana kichwa.

Lakini kilichonishughulisha zaidi wiki hii ni ripoti. Ripoti haitaki "mimi". Kwa jaribio la mshuko, linalopima ulaini wa zege bichi, unaandika: koni ilijazwa kwa matabaka matatu, kila tabaka likashindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, koni ikainuliwa wima, zege liliposhuka mshuko ukapimwa. Hapo sisi hatuna la kuhangaikia, kauli ya kutendwa tumeizoea tangu utotoni. Tena tuna zaidi ya hapo: mchemraba wa zege uliovunjika si sawa na mchemraba uliovunjwa. Kiingereza cha ripoti kinaweza kuyabeba yote mawili kwa umbo moja, na msomaji asijue kama zege lilipasuka lenyewe au kuna mtu aliliangusha wakati wa kulitoa kwenye moldi. Kwa hiyo siku hizi naisema kwanza sentensi kwa Kiswahili. Nikishajua nani alifanya nini, na nini kilitokea chenyewe, ndipo naiandika kwa lugha ya mtihani. Wapo wanaosema kufikiri kwa Kiswahili kunatuchelewesha. Mimi naona kunaniokoa nisiandike ripoti nzuri isiyosema kitu.

Kwenye miongozo ya usanifu kuna jambo jingine: pale ni lazima, pale inashauriwa, pale inaruhusiwa. Kwa Kiingereza tofauti hiyo imebebwa na kitenzi kisaidizi kifupi, ukikiruka umegeuza sharti kuwa ushauri. (Na ndiyo, noti zetu bado zimejaa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya usanifu wa zege, ambayo Waingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010 wakahamia Eurocode 2, ile ya Ulaya. Hiyo hasira nitaiandikia siku nyingine.)

Likizo ya mafunzo kwa vitendo ndiyo iliyonifundisha kuliko darasa. Michoro yote saiti ni ya Kiingereza, kazi yote ni ya Kiswahili, na mwanafunzi anasimama katikati. Asubuhi moja vibarua walitaka kuongeza maji ili zege liteleze vizuri kwenye toroli. Fundi mkuu akaniita.

"Injinia, hebu njoo. Hiyo karatasi yako inasemaje kuhusu maji?"

"Shikamoo fundi. Inasema mshuko usizidi milimita 75."

"Marahaba. Sasa waambie hawa kwa nini."

Nikawaeleza kwamba saruji inahitaji kiasi fulani tu cha maji. Yanayozidi hukauka na kuacha vitundu, na zege lenye vitundu halifikii nguvu yake hata ukilimwagilia siku zote 28 za kusubiri likomae. Fundi alikuwa anajua hayo yote. Alitaka kuona kama mimi najua. Nilipomaliza alisema tu, "Haya, uji tunakunywa nyumbani," vibarua wakacheka, ndoo ya maji ikarudishwa pembeni.

Yale maelezo ndiyo niliyoyaandika baadaye kwenye kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, kwa Kiingereza, na yalitoka bila jasho.

Bado kuzungumza. Muhula ujao kuna semina, unasimama mbele ya jopo na maswali hayaji kwa maandishi. Kwenye kundi letu la diskasheni tumekubaliana kwamba tunabishana kwa Kiswahili mpaka tuelewane, kisha mmoja anafunga mada kwa Kiingereza akiwa amesimama, bila kusoma karatasi, na wengine wanamuuliza. Mwenzetu mmoja anaona aibu, anasema atacheka. Tumemwambia acheke, lakini Alhamisi zamu ni yake, na mada ni mnyauko wa zege.