Daftari la mzee wa alizeti na ile miaka sita

Mwezi wa pili 2024, ilikua jumanne, mvua imepiga usiku kucha hapa Dodoma na Area C yote tope tupu, akaingia ofisini mzee mmoja ametoka Kibaigwa na gari la alfajiri. Mkononi ana kiroba cha unga kilichokunjwa. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, nimeambiwa wewe ndo wakili unayeshughulika na kesi za watu wa biashara. Akakimimina kile kiroba mezani. Vikaratasi vya mizani, vingine vimefutika wino kabisa, risiti mbili tatu, na bahasha ambayo ndani yake kulikua na picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu alafu ikaprintiwa.

Habari yenyewe ni hii. Kuanzia Juni mpaka Agosti 2017 alipeleka alizeti kwenye kiwanda kimoja cha kukamua mafuta, kwa awamu, yake na ya wenzake aliowakusanyia kijijini. Wakamlipa kama nusu hivi. Ikabaki milioni 41 na laki 6. Kila akienda anaambiwa mzee vumilia kidogo mashine imekufa, akirudi anaambiwa mzee vumilia bei ya mafuta imeshuka, akirudi tena anapewa chai na nauli ya kurudia. Na yeye akavumilia kweli, maana mwenye kiwanda anamfahamu, wamezikana, na kumpeleka mtu kama huyo mahakamani aliona ni aibu.

Wakati anaongea mi nilikua nahesabu kwa vidole chini ya meza. Agosti 2017 mpaka Agosti 2023 ni miaka sita. Tulikua Februari 2024.

Kwa wasiojua, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 ya kufungua kesi kwa madai yanayotokana na mkataba. Ikipita hiyo, kesi inatupwa, hata kama deni ni la kweli na kila mtu pale kijijini analijua. Na hapa ndo watu wengi wanaumia: kule kuahidiwa kwa mdomo, kuitwa kwenye vikao, kupigiwa simu kwamba tunalifanyia kazi, havisimamishi muda. Siku zinahesabika huku mnakunywa chai. Nimeshawaambia wateja hili jambo mara nyingi mno na kila mara naona uso wa mtu unavyobadilika, wa yule mzee ulibadilika polepole, akauliza, yani kuvumilia kwangu ndo kumenifunga?

Mimi kesi zangu karibu zote ni za biashara. Nilisoma sheria Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, nikaenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile Law School pale Dar barabara ya Sam Nujoma, nikaapishwa na Jaji Mkuu, nikarudi huku. Watu wakisikia wakili wanafikiria mtu amesimama anapiga maneno mbele ya jaji. Kwenye kesi za biashara kusimama ni sehemu ndogo sana ya kazi. Kazi kubwa ni kukaa usiku na karatasi za watu, hii LPO, yani karatasi ya kuagiza mzigo, ina tarehe gani, hii deliveri noti ya kupokea mzigo alisaini nani na alikua na cheo gani, hii invoisi mbona kiasi chake hakifanani na mkataba, pesa hii iliingia benki kulipia mzigo upi. Shahidi anaweza kusahau ila karatasi yenye tarehe na saini haisahau, na ukishaiona inayokuumiza bora uione wewe mapema kuliko kuonyeshwa na wakili wa upande wa pili siku ya kuhoji shahidi wako.

Na Dodoma imebadilika sana. Zamani kesi tulizozoea ni mahindi, zabibu, alizeti, mkopo wa benki. Toka serikali ihamie huku na jengo juu ya jengo kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali, sasa ni makandarasi wadogo, wenye kukodisha mitambo, wazabuni wa vyakula na vifaa vya ofisi, wamiliki wa hoteli. Mtu amekopa benki akafanya kazi ya taasisi ya umma, kazi imekabidhiwa, hela haijaja. Hizo kesi zina utaratibu wake, na mimi nilijifunza kwa kuumiza mtu.

Mwaka 2020 sheria ilibadilishwa. Ukitaka kushtaki halmashauri, shirika la umma na wengine wa aina hiyo, nao wakaingia kwenye utaratibu wa kuishtaki serikali: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Mi nilikua na mama mmoja mzabuni wa vyakula, anadai taasisi moja, nikafungua kesi kwa mazoea ya zamani, sijamuunganisha Mwanasheria Mkuu. Ikaja pingamizi la awali kurasa tatu, yani wanasema kesi yenyewe imefunguliwa vibaya hata kabla haijasikilizwa. Nilivyosoma ile ya kwanza tu nikajua nimekosea. Kesi ikafutwa. Nashukuru Mungu ilifutwa, haikutupwa, maana ikifutwa unaweza kurekebisha ukarudi, ikitupwa mlango umefungwa na unabaki na rufaa tu. Yule mama alikua amekaa benchi la nyuma na hakuelewa Kiingereza kilichosemwa, akanifata nje akaniuliza, tumeshinda? Nikamwambia ukweli wote palepale kwenye ngazi, kwamba kosa ni langu, sio la mahakama wala la hao tunaowadai. Nikaipa ile taasisi notisi mpya, nikasubiri siku 90, nikafungua upya bila kumchaji hata mia. Alilipwa baadae sana. Ila miezi ile alikua anarejesha marejesho ya benki kwa kuuza vitu vya ndani, na hiyo siwezi kumrudishia. Toka hapo kabla sijafungua kesi yoyote nasoma sheria upya kama vile sijawahi kuisoma.

Suala la lugha nalo linanigusa. 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na nafurahi kila nikiona mteja anafatilia kesi yake mwenyewe bila kunivuta joho aniulize kasema nini. Ila mikataba mingi ya biashara bado inaandikwa Kiingereza na watu wanasaini kurasa kumi na mbili ambazo hawajasoma hata moja. Ukisaini umesaini. Na kingine kidogo ambacho watu wanakidharau ni ushuru wa stempu, mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kupokelewa kama kielelezo, unabaki umeushika mkononi na mahakama haiuangalii mpaka ulipie na adhabu yake. Mnakimbizana kulipia wakati shahidi kashasimama kizimbani.

Basi turudi kwa mzee. Nilichukua ile picha iliyoprintiwa nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Ilikua ukurasa wa daftari la shule, lile la mistari, na mwandiko wa mtu mzima anayeandika kwa haraka. Nikasoma polepole: nimebakiza kumlipa fulani kiasi cha shilingi 41,600,000 za alizeti, nitamaliza baada ya mavuno. Chini kuna saini, nusu ya muhuri wa kiwanda, na tarehe ya Novemba 2019.

Nikamuuliza mzee hii aliandika nani? Akasema mwenye kiwanda mwenyewe, siku hiyo nilienda na mke wangu, akakataa kuondoka mpaka waandike kitu.

Jamani nilikaa chini. Kwa sababu sheria ileile ya ukomo inasema mdaiwa akikiri deni kwa maandishi, akasaini, na muda wake ukiwa haujaisha, basi hesabu inaanza upya siku hiyo aliyosaini. Novemba 2019 jumlisha sita ni Novemba 2025. Tulikua ndani ya muda. Bibi yule aliyekataa kuondoka ndo alikua ameshikilia kesi nzima, na wala hakujua.

Ila picha pekee isingetosha, nilitaka daftari lenyewe. Mzee akarudi Kibaigwa, siku ya tatu akaniletea. Lilikua kwenye sanduku pamoja na kadi za kliniki za watoto ambao sasa hivi ni wazazi. Kurasa za mbele kuna hesabu za mjukuu, mafungu ya kuzidisha kwa saba, alafu ukigeuza unakutana na deni la milioni 41. Kona imelowa mafuta. Saini ni ya kalamu ya bluu imekandamizwa mpaka ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unaisikia. Niliagiza liwekwe kwenye bahasha peke yake na mtu asilitoboe na panchi.

Tukatuma notisi ya madai, kimya. Tukafungua kesi kwa mtandao, siku hizi hati ya madai unaituma ukiwa umekaa ofisini. Wadaiwa walipopelekewa wakawa na siku 21 za kuleta utetezi, na kwenye utetezi wao hoja ya kwanza kabisa, kama nilivyotegemea, ni kwamba muda umepita. Tukawaonyesha daftari. Wakili wao ni mtu mwelewa sana, alilishika akalisoma mara mbili akarudisha bila neno. Kesi ilipoenda kwenye usuluhishi, ambao ni hatua ya lazima kabla ya kusikilizwa, mwenye kiwanda alikuja mwenyewe. Akamwamkia mzee, mzee akaitikia. Waliongea Kigogo dakika kama kumi na tano na sisi wote tulinyamaza. Wakakubaliana awamu sita, tukaandika, wote wakasaini, mahakama ikaisajili ikawa tuzo, maana yake asipolipa hatuanzi kesi upya, tunaenda moja kwa moja kukazia hukumu, yani kuomba mahakama imlazimishe alipe.

Awamu ya tatu ilichelewa wiki mbili. Niliandaa maombi ya kukazia, mzee akanipigia akasema, mwanangu subiri kwanza nimpigie. Nikasubiri, pesa ikaingia ijumaa.

Mpaka naandika hapa imebaki awamu moja. Wiki iliyopita mzee alipita ofisini na mkewe, mara yangu ya kwanza kumuona, mama mfupi wa maneno machache, akaomba aone daftari lake. Nikalitoa kwenye bahasha. Akaangalia ile saini, akageuza akaangalia na zile hesabu za kuzidisha kwa saba, akasema hapa alikosea, saba mara nane ni hamsini na sita. Akanirudishia, akasema wakimaliza kulipa atakuja kulichukua.