Difensi ya UConn: kwa nini Okafor namtanguliza mbele ya Thabeet wetu

Nikitaja wachezaji bora wa difensi katika historia ya UConn, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, hapa Dar swali huwa moja tu: Thabeet umemweka wapi? Nimemweka wa pili. Wa kwanza ni Emeka Okafor, na najua jibu hilo linawauma wengi, kwa hiyo acha nilieleze vizuri.

Kwanza heshima yake aipate. Hasheem Thabeet ni mtoto wa Dar es Salaam, alisoma Makongo, na mpira wa kikapu aliuanza akiwa tayari kijana mkubwa. Alicheza UConn misimu mitatu, kuanzia 2006 hadi 2009, akaondoka na bloku 417, yaani mipira ya wapinzani aliyoizuia ikiwa inarushwa ringini. Mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, alikuwa mchezaji bora wa difensi wa ligi ya vyuo ya Big East. Kisha Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti ya 2009, siku timu za NBA zinapogawana wachezaji wapya, nyuma ya Blake Griffin, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Kwa sisi tuliokuwa tukihangaika kutafuta matokeo yake kwenye intaneti ya wakati ule, hayo hayafutiki. Ile mechi ya Machi 2009 dhidi ya Syracuse, iliyokwenda vipindi sita vya nyongeza na UConn wakafungwa 127 kwa 117, ilimalizika New York saa saba na ushei usiku. Huku kwetu ilikuwa saa mbili asubuhi imeshapita na watu wako kazini, na simu hazikutulia.

Sasa nije kwenye kipimo changu. Nafundisha vijana jioni, na jambo ninalolirudia hadi wanachoka ni kwamba difensi haiishii kwenye bloku. Bloku inaandikwa kwenye karatasi ya takwimu. Kuna gadi, mchezaji wa nje anayeongoza mpira, anayeingia kwa kasi, anafika chini ya ringi, anaona mkono, anageuka na kuutoa mpira nje kwa mwenzake ambaye hata hakujiandaa. Hiyo haiandikwi popote. Mimi nampima mlinzi kwa vitu alivyomlazimisha mpinzani aviache.

Kwa kipimo hicho Thabeet alikuwa balaa. Ukiwa na futi 7 na inchi 3, na mikono ile, watu wanabadilisha mchezo wao kabla hawajavuka nusu ya uwanja. Msimu wake wa mwisho alipiga bloku 152. Januari 2009, dhidi ya Providence, alifikisha pointi 15, ribaundi 11 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa) na bloku 10 katika mechi moja. Fikiria bloku kumi: timu nzima inaweza kucheza wiki mbili bila kuzifikisha.

Lakini kuna mechi ya Februari 16, 2009, siku aliyotimiza miaka 22. UConn walikuwa namba moja kati ya vyuo vya Marekani, Pittsburgh (Pitt) wakaja Hartford, na DeJuan Blair, mtu wa futi 6 na inchi 7, akachukua ribaundi 23 na kufunga pointi 22. Pitt wakashinda 76 kwa 68. Kuna tukio moja ambapo mikono ya wawili hao ilikwamana wakigombea ribaundi, Blair akamtupa Thabeet juu ya bega lake mpaka chini. Watu wengi wanakumbuka ule mwereka. Vijana wangu nawaonyesha vitu vya kabla ya hapo: nasimamisha picha na kuwaambia waangalie miguu tu. Blair amekunja magoti, makalio yako chini, amemweka Thabeet mgongoni kabla mpira haujagusa ringi. Thabeet amesimama wima. Urefu wote ule hauna kazi kama mwenzako ameshakuchukulia nafasi kiunoni. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, na naona ilikuwa haki.

Okafor usingemfanyia hivyo. Alikuwa mfupi kuliko Thabeet kwa inchi tano hivi, mtoto wa wazazi wa Kinigeria aliyezaliwa Houston, mwili mpana, na alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa senta mwingine wa chuo, yaani yule mrefu anayelinda chini ya ringi. Haruki kwa sababu wewe umetikisa mabega. Anakusubiri uache mpira, ndipo anapanda. Na mara nyingi hakuupiga kwenda jukwaani. Aliugusa taratibu, ukabaki ndani ya uwanja, mwenzake akauokota na UConn wakaanza kukimbia. Bloku inayokwenda jukwaani inarudisha mpira kwa mpinzani. Inayobaki ndani ni mpira wako. Kwangu tofauti hiyo ni kubwa mno, na ndiyo iliyoamua orodha hii.

Takwimu pia anazo: bloku 441 katika misimu mitatu, rekodi ya chuo, 156 kati ya hizo katika msimu wa 2002 hadi 2003. Makocha wa nchi nzima walimpa tuzo ya difensi mara mbili, 2003 na 2004. Na bado alimaliza shahada yake ya fedha kwa miaka mitatu.

Nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vya Marekani ya 2004, dhidi ya Duke, San Antonio, alipata fauli mbili dakika za mwanzo tu na kocha Jim Calhoun akamkalisha benchi karibu kipindi chote cha kwanza. Alirudi kipindi cha pili, akafunga pointi 18, asipewe fauli za kumtoa nje, huku masenta watatu wa Duke wakitolewa wote kwa fauli. UConn 79, Duke 78. Siku mbili baadaye walikuwa mabingwa. Mlinzi anayejua kulinda akiwa na fauli mkononi ni mlinzi kamili.

Wa tatu ni gadi, na hapa sibabaiki: Ricky Moore. Fainali ya 1999, Duke waliingia wakiwa wamepoteza mechi moja tu msimu mzima. Moore alipewa kazi ya kumkaba Trajan Langdon. Ni kweli Langdon alifunga 25. Lakini sekunde za mwisho, UConn wakiongoza kwa pointi moja, Langdon alimchukua Moore mmoja kwa mmoja, na Moore hakunyoosha mkono kuiba mpira. Alisogeza miguu tu, kifua mbele, akamfungia njia mpaka Langdon akatembea na mpira bila kuudunda na filimbi ikalia. Ubingwa wa kwanza wa UConn, 77 kwa 74, ulipatikana kwa miguu ya Moore.

Donovan Clingan namweka wa nne, na kama angekaa mwaka mwingine ningempandisha. Machi 2024 dhidi ya Illinois, matokeo yalikuwa 23 kwa 23, kisha UConn wakafunga pointi 30 mfululizo bila jibu. Mipira 19 iliyorushwa Clingan akiwa mbele ya mrushaji, hakuna hata mmoja ulioingia. Illinois waliendelea kumfuata palepale chini ya ringi, jambo ambalo mpaka leo silielewi.

Nafasi ya tano wanagawana wezi wawili wa mpira. Nadav Henefeld kutoka Israeli alicheza msimu mmoja tu, 1989 hadi 1990, akapora mipira 138 katika ile presha ya uwanja mzima ya Calhoun. Scott Burrell alipora 310 katika miaka yake minne. Nimejaribu kuwatenganisha nimeshindwa.

Najua nitalalamikiwa kwa kuwaacha Hilton Armstrong na Josh Boone, warefu wengine wa UConn. Timu ya 2011 nayo, iliyoiacha Butler ifunge mipira 12 kati ya 64 kwenye fainali, ilikaba kwa pamoja kiasi kwamba siwezi kumtoa mtu mmoja pale na kumpa sifa za wote.

Na anayeniuliza ningepanga vipi kama wote wangekuwa na miaka 21 leo: Moore juu, Burrell na Henefeld pembeni, Okafor na Thabeet chini pamoja. Blair akija, anakabwa na Okafor. Thabeet namwacha huru nyuma yake, avizie kila anayepenya.